Kitufe cha transpozi: kisa cha mwalimu wa kwaya aliyerudi darasani

Kuhusu kisa hiki

Nilikuwa katibu wa kwaya inayosimuliwa hapa kwa miaka minne, na daftari la mahudhurio lilikuwa mikononi mwangu. Mwalimu mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe, na ndiye aliyenipa karatasi za alama zake za mtihani nizinakili. Nimeondoa majina ya watu, ya parokia na ya shule, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Naandika kwa ajili ya walimu wa kwaya, wapiga kinanda na kamati za kwaya za Dar es Salaam, maana nimeliona jambo hilihili likiwakuta watu wengine watatu ninaowafahamu, na hakuna aliyekaa chini kulichambua.

Usuli

Mwalimu ana miaka thelathini na kitu. Solfa, ile ya do, re, mi, aliisoma seminari ndogo, huko bara. Kinanda alijifundisha mwenyewe kwa kuchungulia mikono ya waliomtangulia na kurudia usiku walipokwenda kulala. Alipohamia Dar es Salaam alipata kazi ya kufundisha muziki kwenye shule ya msingi ya binafsi. Alasiri alizunguka nyumba za watu Mikocheni na Mbezi Beach akifundisha watoto kinanda. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi jioni alikuwa kanisani kwetu, kando ya Barabara ya Morogoro, na Jumapili alipiga misa mbili. Parokia ilimpa nauli. Neno lililotumika tangu mwanzo lilikuwa hilohilo, nauli, na halikuandikwa popote.

Kwaya ilikuwa na waimbaji 43. Waliosoma nota walikuwa watano. Waliobaki walikariri: Mwalimu anaimba mstari wa soprano, wanaurudia mpaka unakaa, anahamia alto, teno, besi, halafu anaanza kuziunganisha. Wimbo mmoja wa sauti nne ulikula jioni mbili au tatu. Akifika nyumbani anarekodi kila sauti kwenye simu na kuitupia kwenye kundi la WhatsApp, ili aliyekosa mazoezi asipitwe. Nilishawahi kupokea sauti ya besi saa saba usiku, na nyuma yake mtoto wake akilia.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho wapiga kinanda wengi wa makanisani watakitambua. Mwalimu alipiga nyimbo zote kwenye ufunguo wa C, yaani vidole vyake daima viliichukua noti ya C kuwa do. Wimbo ukiwa umeandikwa kwenye D, anabonyeza transpozi, kitufe cha kuhamisha sauti zote juu au chini, mara mbili, kinanda kinapanda nusu toni mbili, na vidole vyake vinaendelea kukanyaga C. Ukiwa E flati, anabonyeza mara tatu. Vibonye vyeusi alivigusa kwa kupamba tu. Hakuna aliyejua wala kujali, kwa sababu tuliyoyasikia yalikuwa sahihi.

Chanzo cha desturi hii kinaeleweka. Solfa tuliyoipokea ina do inayohama: noti yoyote inaweza kuwa do. Ilianzia kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, kisha mchungaji John Curwen akaitengeneza na kuieneza kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakaja nayo Afrika kwa kuwa inaandikika kwa herufi za kawaida na haihitaji chombo. Si kitu kidogo. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na wa kwaya kule Johannesburg, aliandika kwa solfa mwaka 1897 wimbo ambao mahadhi yake ndiyo tunayoimbia Mungu Ibariki Afrika. Lakini mtu aliyelelewa na do inayohama, akikutana na mashine inayomhamishia do kwa kitufe, hana sababu ya kuvisumbua vidole.

Mkesha wa Pasaka

Wenye kusali Mkesha wanajua uzito wa dakika ile. Masomo ya Agano la Kale yamekwisha, kanisa liko kwenye mwanga wa mishumaa, padre anaanzisha Utukufu, kengele zinalia, taa zinawashwa. Kwaya imejiandaa Kwaresima nzima kwa ajili ya hapo.

Utukufu wetu ulikuwa kwenye D, kwa hiyo transpozi ilitakiwa isome 2. Mchana ule kwaya ya watoto ilifanya mazoezi kwa kinanda kilekile na kukiacha kwenye 5. Kioo cha kinanda kile hakionyeshi namba mpaka ubonyeze. Mwalimu akaanza kwenye F badala ya D, juu kwa nusu toni tatu. Wala hakusikia tofauti. Sikio lake ni kali kuliko la mtu yeyote ninayemjua, ila ni sikio la solfa: linapima umbali wa noti na noti, na umbali ulikuwa ule ule.

Alielewa soprano walipofika kwenye mi ya juu. Pale walipozoea F shapu walikutana na A. Wawili waliteremka oktava nzima, mmoja akanyamaza, wengine wakapiga kelele. Teno walitazamana. Kengele bado zilikuwa zinalia, haiwezekani kusimama. Kwenye mstari wa tatu Mwalimu akachomoa mkono wa kushoto na kubonyeza kushuka mara tatu, wimbo ukiendelea. Kinanda kilishuka, kwaya ikabaki juu, na kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu sana kanisa zima lilisikia funguo mbili zikigombana kabla waimbaji hawajajikusanya.

Baada ya misa hakumlaumu mtu. Alikaa kwenye benchi ya kinanda, akaniambia, “Katibu, mimi sijui kupiga D.”

Wiki chache baadaye mzazi wa mwanafunzi wake alimuuliza ana cheti gani cha muziki. Uongozi wa shule nao ulikuwa umeanza kudai vyeti vya kila mwalimu. Mambo hayo mawili, Mkesha na cheti, ndiyo yaliyomsukuma.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kujiandikisha mtihani wa piano wa ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa 1889, ambao watahiniwa wa Dar es Salaam huufanyia hapahapa jijini. Madaraja yako 8. Alichagua la 5. Bodi haimkatazi mtu kuruka madaraja. Hadi la 5, unaweza kuanzia lolote unalojiona unaliweza. Sababu yake ilikuwa kwamba wanafunzi wake wawili walikuwa wanajiandaa kwa la 3, na aliona hawezi kukaa chumba kimoja cha kusubiria na watoto anaowafundisha. Namwelewa. Nitarudi kwenye uamuzi huu.

La pili: alikata kipande cha plasta nyeupe akakibandika juu ya kitufe cha transpozi cha kinanda cha kanisa. Kila Dominika wimbo mmoja ungepigwa kwenye ufunguo wake halisi, kwa nyimbo zilizobaki angeibandua plasta na kuendelea kama zamani, na kila mwezi angeongeza wimbo. Alianza na Mtakatifu, kwa kuwa ni mfupi na unarudi kila wiki.

La tatu lilitugusa sote. Kwa wiki sita kwaya isingejifunza wimbo mpya hata mmoja. Nusu ya kila mazoezi ingekuwa kusoma solfa. Hesabu yake ilikuwa wazi. Alihitaji saa moja na nusu ya piano kila siku, na saa pekee aliyoweza kuipata ilikuwa ile inayoliwa na kufundisha sauti nne kwa mdomo na kurekodi usiku. Kwaya ikisoma, saa hiyo inarudi.

La nne: kila sauti ipate kiongozi wake. Besi, teno na soprano walipatikana kwa urahisi. Alto walimchagua mama mmoja muuza vitenge wa Kariakoo ambaye hakuwa miongoni mwa wale watano wanaosoma. Wengine walinong’ona. Mwalimu alimkubali kwa sababu alikuwa hajakosa mazoezi mwaka mzima, na daftari langu lilimthibitisha.

La tano lilikuwa barua kwa Baba Paroko, niliyoiandika mimi. Tuliomba posho ya kudumu iliyoandikwa na kinanda cha vibonye 88. Tulitaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hati yake ya Liturujia ya 1963, inayotaka kwaya zistawishwe kwa bidii na elimu ya muziki itiliwe mkazo. Paroko alitupongeza mimbarini. Kanisa lilikuwa kwenye ujenzi, barua ikawekwa.

Mtihani wa kwanza

Kinanda chetu kilikuwa cha vibonye 61, vyepesi kama vya kikokotoo. Mtihani hufanyika kwa piano. Mwalimu aliomba kufanyia mazoezi kwenye piano ya ukumbi mmoja mjini, akaruhusiwa mchana wa siku mbili kwa wiki. Anatoka shule, anapanda mwendokasi mpaka Posta, anapiga kwa dakika hamsini, anarudi kuwahi wanafunzi wa Mikocheni. Nilimsindikiza mara moja, wakati wa masika. Unyevu ulikuwa umevimbisha mbao, na kibonye kimoja cha katikati kilizama bila kurudi. Kila akikipiga alikiinua kwa ukucha wa kidole kingine, halafu anaendelea.

Pale ndipo nilipoona kazi yenyewe. Skeli ya C, yaani noti zake zikipigwa kwa mfuatano, mkono wa kulia, kidole gumba kinapita chini baada ya kidole cha tatu. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo kwa miaka kumi na tano. Skeli ya F inataka gumba lipite baada ya kidole cha nne, kwa sababu noti ya nne ni B flati na gumba halikai vizuri kwenye kibonye cheusi. Kitu kidogo kabisa kwa maneno. Aliirudia nikiwa nimekaa pale, na kila mara gumba lilijipenyeza kwenye tatu, kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Usiku wa kuamkia mtihani tulikuwa na msiba. Mzee mmoja wa jumuiya, baba wa mwimbaji wetu wa teno, alifariki, na mkesha ukawa usiku huo. Mwenyekiti wa kwaya alimpigia simu: “Mwalimu, hatuwezi kumkesha Mzee bila kinanda. Wewe ni mtoto wa nyumba ile.” Alikwenda. Alipiga mpaka saa tisa usiku, akalala kwenye kiti cha plastiki, asubuhi akaenda kwenye mtihani na nguo za msiba.

Alipata 96 kati ya 150. Kufaulu ni 100.

Kwaya nzima ilisema msiba ndio uliomwangusha, na mwenyekiti alikuja kumwomba radhi kwa machozi. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoiona karatasi. Vipande vitatu, kila kimoja kati ya 30: 20, 21 na 17. Kusoma nota papo hapo 12 kati ya 21. Usikivu 17 kati ya 18. Skeli 9 kati ya 21, na kiwango cha kufaulu sehemu hiyo ni 14. Alama nne alizozikosa zilikuwa zote ndani ya skeli, na bado moja ingesalia. Mtu aliyekesha msibani, mwenye usingizi machoni, alipata karibu alama zote za sikio. Kilichomwangusha kilikuwa miaka kumi na tano ya C.

Miezi iliyofuata

Wiki sita za solfa zilitugharimu. Daftari linaonyesha waimbaji 43 kabla ya kuanza na 28 wiki ya tano. Wengine walituambia waziwazi kwamba walikuja kumwimbia Mungu, hawakuja shule. Watatu walihamia kwaya nyingine. Dominika mbili mfululizo tulirudia nyimbo zilezile za maandamano ya mwanzo, na waumini walilalamika.

Mwalimu alifundisha kwa ishara za mkono, zile zilizoanzia kwa Curwen: ngumi kwa do, kiganja bapa kinachotazama chini kwa mi, kidole gumba kinachoelekea chini kwa fa, kidole kinachoonyesha juu kwa ti. Hakuandika ubaoni mpaka wiki ya tatu. Alisimama mbele, mkono unapanda na kushuka, nasi tunaimba tunachokiona. Watu wazima waliokuwa wanaogopa karatasi hawakuuogopa mkono. Mama wa alto alikuwa akifanya ishara hizo chini ya meza dukani kwake. Aliniambia wateja walidhani anahesabu hela.

Wiki ya saba alitugawia wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Hakuimba hata noti. Alitoa do, akainua mkono, tukaanza. Ulikuwa mbovu, teno walipotea ukurasa wa pili, lakini tuliufikisha mwisho katika jioni moja. Wiki ile hakutuma sauti kwenye WhatsApp, na hazikuwahi kurudi.

Mtihani wa pili na msiba mwingine

Alijiandikisha tena kwa daraja lilelile. Safari hii aliniomba niiandike tarehe kwenye ubao wa matangazo wa kwaya na kumpelekea Paroko nakala, ili wasioijua wasiwepo.

Siku mbili kabla, tukapata msiba tena. Sitaficha: watu waligawanyika. Wapo waliosema mtihani husubiri na maiti haisubiri. Mwenyekiti, yuleyule aliyempigia simu mara ya kwanza, alisimama akasema Mwalimu asiguswe. Tukaenda makaburini bila kinanda. Mama wa alto alisimama mbele ya kaburi, akatoa do kwa mdomo, akaonyesha ngumi. Do ilikuwa chini kidogo, besi walichimba ardhi, na wimbo uliisha chini zaidi ya ulipoanzia. Lakini sauti nne zilisimama mwanzo hadi mwisho, na wafiwa walilia kama inavyopasa.

Mwalimu alipata 112. Skeli 15, usikivu tena 17.

Uchambuzi

Plasta ilifanya kazi kwa sababu ilimfunga kwenye kazi aliyokuwa nayo tayari. Hakuhitaji kutafuta muda wa kufanya mazoezi ya D. Kila Dominika D ilimfuata. Nashauri mpiga kinanda yeyote aanze hivyo, kwa wimbo mmoja mfupi unaorudi kila wiki, na asijaribu nyimbo zote kwa mara moja mbele ya waumini.

Uamuzi wa kufundisha kwaya kusoma ndio uliobadilisha mambo mengi zaidi, na ndio uliosimamiwa vibaya zaidi, na sehemu kubwa ya lawama ni ya kamati yetu. Tuliwatangazia waimbaji Jumanne na tukaanza Alhamisi. Hatukueleza sababu. Wengi wa waliotuacha hawakukataa kusoma. Waliona aibu mbele ya vijana, na hatukuwawekea saa yao peke yao. Wiki sita bila wimbo mpya zilikuwa ndefu. Leo ningesema mazoezi mawili kwa wiki yabaki ya nyimbo na moja liwe la kusoma, kwa miezi minne.

Kuanzia daraja la 5 lilikuwa kosa, na Mwalimu anakubali. Daraja la 3 lingempa skeli chache azimalize kabla ya kuongezewa nyingine, na lingeonyesha mapema kwamba tatizo ni gumba. Aibu ya kukaa na watoto ilimgharimu ada ya mtihani mzima na miezi.

Kuhusu msiba, nasema kwa uangalifu kwa sababu ni jambo la utu. Kumtaka mtu mmoja awepo kila kaburi kulitokana na kwamba hatukuwa na namna nyingine ya kuimba. Tulimwita mtoto wa nyumba, na kweli alikuwa, lakini pia alikuwa ndiye kitabu chetu pekee cha nyimbo. Kwaya ya watu arobaini isiyoweza kuanzisha wimbo bila mtu mmoja inamnyima mtu huyo nafasi ya kusoma, ya kuugua na ya kufiwa yeye mwenyewe.

Tulishindwa kabisa kwenye posho. Tuliiomba ndani ya barua moja pamoja na kinanda, na kinanda kikawa kisingizio cha kuiahirisha yote. Ombi la posho lilistahili barua yake, kiasi chake, na mtu wa kulifuatilia kwenye Kamati Tendaji ya parokia. Nilikuwa mimi wa kulifuatilia. Nilifuatilia mara mbili nikaona haya.

Hali ilivyo sasa

Mwalimu anajiandaa kwa nadharia ya daraja la 5, kwa kuwa bila hiyo, au mtihani mbadala unaokubalika, bodi haimruhusu kufanya piano ya daraja la 6. Shule imepokea cheti chake. Waimbaji ni 36. Saba kati yao ni wale walioondoka wakarudi. Nauli ni ileile na bado haijaandikwa.

Misa ya watoto inapigwa na binti wa miaka 14 aliyeanza kwa Mwalimu mwaka jana. Juzi alimuuliza ile plasta iliyobanduka pembe ilikuwa ya nini, na kama anaweza kuiondoa. Mwalimu alimwambia aiache.